Barua ya wazi kwa wakuu wa redio na wataalamu wa Mtwara na Lindi: utafiti gani, kwa watu wangapi?

Wakuu wangu, salaam.

Nawaandikia mameneja wa vituo vya redio vya huku kusini, maofisa habari wa halmashauri, waganga wakuu wa wilaya, maofisa ugani, na yeyote ambaye akishika maiki watu wanaacha walichokuwa wanafanya wamsikilize. Mie nauza kwenye duka la dawa muhimu hapa Masasi, huu mwaka wa tisa, na kwa kazi yangu hii chochote kinachosemwa hewani saa nane mchana kinanifikia dirishani kabla ya saa kumi. Mtu anakuja anasema "nimesikia utafiti umeonyesha". Utafiti gani, ulifanyika wapi, nani alifanya, kwa watu wangapi, hajui, na sio kosa lake maana hakuna aliyemwambia. Hilo tu ndo nataka kuliongelea, namna sayansi inavyoletwa kwetu, kwa sababu inaletwa vibaya na watu wanaumia.

Naanza na la nyumbani. Mama mkubwa wangu yuko Newala, presha anayo miaka mingi, kliniki hakosi, kila asubuhi kidonge kimoja cha amlodipini na chai ya rangi. Mwaka jana msimu wa kupulizia mikorosho redio moja ikamleta mtu studio, wakamtambulisha kama daktari mtafiti, akasema utafiti umeonyesha unga wa majani ya mlonge unamaliza presha ndani ya siku 21 na kwamba vidonge vya hospitali ndo vinaua figo. Mtangazaji hakuuliza hata swali moja, alisema tu "ehee, wasikilizaji mmesikia wenyewe" halafu namba ya simu ya kuagizia ikasomwa mara tatu. Mama mkubwa akaacha vidonge. Hakumwambia mtu, kliniki alikuwa anaenda vilevile, dawa anapewa, anazifunga kwenye pindo la kanga anaweka chini ya godoro. Wiki ya sita akaanguka uani akiwa anapepeta mtama, upande wa kulia wote ukalegea. Nilipoenda kumuuguza nikageuza godoro nitandike vizuri nikalikuta lile fundo, nikalifungua nikahesabu, vidonge 41, bado vimo kwenye pakiti zake za kung'aa. Nilikaa chini pale sakafuni na lile fundo mkononi sikuweza hata kulia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Sitasema kipindi kile ndo kilimwangusha. Kwa mtu mmoja huwezi kujua, kiharusi kinampata hata anayemeza dawa kila siku, na nikisema kipindi ndo kilimwangusha nitakuwa nafanya kosa lilelile ninalolilalamikia, la kuchukua kisa kimoja nikakiita ushahidi. Ila kinachojulikana, na kimejulikana kwa majaribio ya watu maelfu kwa maelfu, ni kwamba kuishusha presha kwa dawa kunapunguza kiharusi, na kwamba presha ikiachwa juu ndo yenyewe inayoharibu figo, yaani kinyume kabisa na kilichosemwa mchana ule. Mlonge wenyewe sina ugomvi nao, ni mboga nzuri, na kuna panya wa maabara walishapewa maji ya majani yake presha ikashuka. Lakini ni panya jamani. Kutoka kwa panya mpaka kwa mama wa miaka 63 wa Newala ni njia ndefu, unapita kwa watu wachache, kisha wengi, kisha wengi zaidi waliogawanywa kwa kura hawa wapewe na wale wasipewe, na dawa nyingi zilizowaponya panya zinafia njiani. Mngesema tu neno "panya" hewani, neno moja, mama mkubwa angeelewa.

Baada ya hapo ndo tukaanza. Nje ya duka langu kuna benchi, jioni anakaa mwalimu wa hesabu, anakaa bwana shamba mmoja mstaafu, anakaa kijana wa bodaboda aliyeishia form two, na mimi nikiwa sina mteja natoka nakaa nao. Tunachukua tulichokisikia siku hiyo tunakichambua. Hatuna digrii ya utafiti hata mmoja wetu. Tuna maswali tu, na nimegundua kwamba maswali yenyewe sio mengi, na kijana wa bodaboda ndo anayauliza vizuri kuliko sote kwa sababu haoni aibu.

Siku ya mnada lilipita gari la matangazo, spika mbili juu, wanauza unga kwenye vikopo vya plastiki, tangazo linasema umethibitishwa na wanasayansi, asilimia 98 ya waliotumia wamepona kisukari. Kijana akauliza, 98 ya wangapi? Tukanunua kikopo, tukaitafuta ile namba iliyo ubavuni, nikapiga mwenyewe mbele ya benchi zima. Yule dada akanijibu "wengi sana mama". Nikamuuliza wengi wangapi, walipimwa na nani, kabla au baada? Akakata simu. Mwalimu akachukua kijiti akachora chini, akasema haya tufanye ni watu 50, asilimia 98 ni watu 49, lakini hao 50 ni akina nani, kama ni waliorudi kununua kopo la pili basi umewahesabu walioridhika tu. Asiyepona harudi. Aliyekufa hapigi simu kutoa ushuhuda. Na hili sio la wauza vikopo peke yao, kipindi chochote kinacholeta shuhuda watatu wa kupona bila kuuliza waliotumia wasipone wako wapi kinafanya hivyohivyo, kiwe cha redio kubwa au ndogo.

Na msiniambie watu wa huku hawawezi kuelewa mambo ya kulinganisha, kwa sababu hilo ndo nimelisikia nilipoenda kulalamika, nikaambiwa "dada ukiwaeleza hayo wanahama stesheni". Sio kweli. Mkulima wa korosho analielewa jaribio kuliko wengi wenye tai. Bwana shamba wetu ana kisa cha mzee mmoja alinunua busta ya majani, ile dawa ya kupulizia inayouzwa kama ya kuongeza mavuno, chupa bei mbaya, akapulizia shamba zima, akavuna mpaka akashangaa, na redio ikamfuata mpaka shambani ikamhoji kama ushahidi kwamba busta ile inazidisha mavuno mara mbili. Ila mwaka ule ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho, haukumsumbua sana mtu yeyote ukanda ule, jirani yake ambaye hakununua chupa naye alivuna vizuri, na mtu wa tatu vilevile. Bwana shamba aliwauliza wale wa redio, mbona hamkuvuka njia mkamhoji na jirani? Hawakuwa na jibu.

Ukitaka kujua busta inafanya kazi unaacha mikorosho mingine bila. Shamba moja, mwaka mmoja, miti ya umri mmoja, na mti upi upewe upi uachwe unachagua kwa kura sio kwa macho, maana ukichagua kwa macho mkono utaenda kwenye mizuri. Ndivyo wanavyofanya watafiti wa kilimo pale kituo cha Naliendele, Mtwara, na mkulima hata asipofika Naliendele ameshaona kitu kinachofanana na hicho shambani kwake. Asubuhi na mapema umande upo bado, upepo haujaanza, mashine inanguruma na wingu la salfa la njano linapanda kwenye majani, na pembeni kabisa kunakuwa na mti mmoja au miwili wingu halikufika. Baadaye unaenda kuangalia, iliyopata salfa maua yanashika, ile ya pembeni imevaa unga mweupe, maua yamekauka meusi. Kila mkulima ameuona huo mti wa pembeni. Basi mtangazaji, ukiletewa mtu na dawa ya binadamu au ya mimea au ya kuku, muulize hivi tu: mti wako wa pembeni uko wapi? Nakuhakikishia hakuna atakayehama stesheni, watakuwa wanasogeza redio karibu.

Kuna na hili la namba za kutisha. Nilimsikia mtu akisema soseji zimewekwa kundi moja na sigara na zinaongeza saratani kwa asilimia 18, basi wiki ile nzima wauza chipsi wa stendi wakaonekana kama wauaji. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu ambavyo uhakika wake ni mkubwa kwamba vinaleta saratani. Kundi lile linahusu uhakika, sio ukubwa wa madhara, ndo maana sigara imo humohumo lakini madhara yake yako juu mno. Na ile 18 ni kwa anayekula gramu 50 kila siku ya Mungu, na ni 18 juu ya hatari ndogo uliyokuwa nayo. Huko Uingereza kwa mfano, karibu watu 6 kwa kila 100 wanapata saratani ya utumbo mpana maishani mwao, ongeza asilimia 18 juu ya hao 6 unapata 7. Inafaa kusemwa, ndio, lakini sema 6 ikawa 7, mtu apime mwenyewe na soseji yake ya mwisho wa mwezi.

La hali ya hewa ndo linaniogopesha kuliko yote. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, tuliambiwa Mtwara watu watoke mabondeni, mdogo wangu alikuwa Mtwara mjini na mtoto mchanga, akabeba godoro na sufuria akaenda kulala kwa rafiki yake kwenye mwinuko. Kimbunga kikatua tarehe 25 Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kikavunja nyumba kikaua watu. Huku kwetu jua likatoka. Wiki iliyofuata nani hakusikia watu wakisema Mamlaka ya Hali ya Hewa waongo, wametusumbua bure? Wakati utabiri haukuwa uongo, ulikuwa mzuri, kimbunga kilikuja na kilipita jirani kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia kabla kwamba njia ya kimbunga haichorwi kwa kalamu, inachorwa kama feni inayopanuka, kinaweza kupita popote ndani ya hiyo feni na sisi tumo ndani, kwa hiyo hama, na kisipokuja kwako ujue kimeenda kwa mwingine ndani ya feni ileile. Ukishasema "kitapiga Mtwara" na kisipige, umemaliza imani ya watu, na safari nyingine watabaki mabondeni. Mei 2024 kilipokuja Hidaya niliwasikia kwa masikio yangu, "ah hao si ndo walewale wa Kenneth". Hidaya kikatua Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Kilwa malori yakalala njiani. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga kilichowapiga Aprili 1952. Hatuko mahali salama kiasi cha kuchezea maneno.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sayansi hii sio mgeni kwetu. Mwaka huohuo wa 1952 homa ya ajabu iliingia uwanda wa Makonde, watu wa Newala wanaumwa viungo mpaka wanatembea wamejikunja. Daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden wakaandika habari zake mwaka 1955, na jina la ugonjwa wakalichukua kwenye midomo ya wagonjwa wenyewe, chikungunya, neno la Kimakonde la huko kujikunja. Leo neno hilo linatamkwa India, Brazil, Geneva kwenyewe. Waliwasikiliza wagonjwa, wakaandika nani anaumwa nyumba ipi lini, mtafiti mwingine, Ross, akachukua damu akatenga kirusi, wakamfuatilia mbu. Yaani kuna hatua, moja baada ya nyingine, na kila hatua unaweza kumweleza bibi yangu akaielewa. Sasa ukitangaza chikungunya hewani kama "virusi hatari vimegunduliwa na wataalamu" ukaishia hapo, hutamwambia hata kwamba mbu mwenyewe anazaliana kwenye maji tuliyoyahifadhi majumbani, hapo kwenye pipa lake, na uwanda ule wote unajulikana kwa shida ya maji watu wanaweka maji siku nyingi.

Hata yule dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, mnatuletea nusu. Kila mara "mjusi wetu mkubwa yuko Ujerumani", watoto wanadhani kuna mjusi mzima amekaushwa. Ni mifupa, ilichimbwa 1909 mpaka 1913 na vibarua wa huku huku kwa mamia, msimamizi wao mmoja jina lake liko kwenye kumbukumbu, Boheti bin Amrani, ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, na yule anayesimama Berlin mwenye kimo cha mita 13 na ushee ameunganishwa kutoka kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja, mahali palipokosekana wakajazia. Umri wake wa miaka kama milioni 150 hawakuukisia, waliusoma kwenye matabaka ya mawe na viumbe vya bahari vilivyogandia humo. Mwelezeni mtoto wa Lindi hivyo mwone kama hataenda kuchungulia kila korongo.

Nirudi kwenye dawa, na hapa nawageukia wataalamu wenyewe, waganga wakuu na maofisa afya, msifikiri lawama zote ni za redio. Chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na 2024 ikawa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Redio moja ikaandaa mjadala, upande mmoja ofisa afya, upande mwingine mtu ambaye sikujua hata amesomea nini, dakika sawa kwa sawa kana kwamba uzito wao sawa. Ofisa akasoma karatasi, kinga mwili, antijeni, mkakati wa kitaifa, dakika kumi hajasema chanjo inazuia nini kwa maneno ya mtu wa kawaida. Yule mwingine akasimulia habari ya msichana mmoja aliyechanjwa akakosa mtoto. Kesho yake kina mama wanne walikuja dirishani kuniuliza kama binti akishachanjwa ugumba unatibika. Hakuna kina mama wajinga pale, walisikia hadithi na walisikia karatasi, hadithi ikashinda. Ofisa angeweza kusema, mama, saratani hii inaletwa na kirusi, kirusi kinakuja baadaye msichana akishaanza kukutana na mwanaume, ndo maana tunamkinga mapema, na wasichana mamilioni duniani wameshachanjwa na wakafuatiliwa, ugumba haukuonekana kuongezeka. Sekunde thelathini.

Msione kosa la namna hii linaisha lenyewe. Mwaka 1998 daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha kwenye jarida kubwa la Lancet habari za watoto 12, kumi na wawili tu, akahusisha chanjo ya surua na usonji. Magazeti yakalibeba. Jarida likaja kuifuta ile makala 2010, miaka 12 baadaye, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari, lakini mpaka leo mteja wangu wa Masasi ambaye hajawahi kulisikia jina la Wakefield ananiuliza kama sindano ya surua inaharibu akili ya mtoto. Neno lilitoka huko likavuka bahari, kusahihishwa kwake hakukuvuka.

Kwa hiyo ninachoomba. Mtu akija studio kusema utafiti umeonyesha, mumuulize palepale hewani ulifanywa kwa watu au panya, wangapi, walilinganishwa na nani, na yeye anauza nini. Akishindwa kujibu, wasikilizaji watakuwa wamepata jibu. Mkisoma asilimia, semeni ya nini. Halmashauri mkituma tangazo la afya au la kilimo redioni, mlipeleke kwanza kwa mtu asiye mtaalamu alisome, mama lishe wa stendi anatosha, akikwama kwenye neno basi mlibadilishe. Na mkikosea, maana kila mtu anakosea hata mie nimewahi kumpa mtu maelezo mabaya nikamfuata mpaka kwake usiku kuyarekebisha, msahihishe kwenye kipindi kilekile, saa ileile, kwa sauti ya yuleyule aliyekosea, sio tangazo la sekunde tano saa sita usiku.

Ile redio niliiandikia barua mara mbili, ya pili niliipeleka kwa mkono nikasainiwa kupokelewa. Sijajibiwa. Mama mkubwa sasa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, vidonge anameza, mjukuu wake anasimama mbele yake mpaka amemeza. Saa nane mchana bado anawasha kile kipindi, anasema amekizoea na yule mtangazaji ana sauti nzuri. Ningependa siku moja amsikie akisema, mchana, kwa hiyo sauti yake nzuri, kwamba walichosema mwaka jana kuhusu vidonge vya presha hakikuwa sahihi.